Nukta Nne Chini ya Boneti

Harufu ya sponji iliyozeeka ndani ya gari haifanani na harufu nyingine ninayoijua. Si ya kuoza, maana sponji haiozi. Wala si ya moshi, ingawa imeishi na moshi miaka mingi. Ni harufu ya vumbi lililolowa mafuta likakauka, likalowa tena likakauka, mpaka likakoma kuwa vumbi na kukoma kuwa mafuta. Niliinusa mwezi uliopita katika gereji ya Festo, mtoto wa marehemu kaka yangu, pale Makambako, nikalazimika kutafuta mahali pa kukaa. Festo alidhani ni presha. Akanivutia kigoda, akaniletea maji, akaniuliza kama nimemeza dawa asubuhi. Nilikuwa nimerudi Njombe, nina miaka kumi na mitatu, nimesimama mlangoni mwa karakana na chakula cha baba mkononi.

Nimefanya kazi ya masjala tangu nilipoajiriwa hadi nilipostaafu. Kila barua niliyoipokea iliwekwa kwenye jalada lake, kila ukurasa ukapewa namba yake, na hakuna mkuu wa kazi aliyewahi kuniita akaniuliza jalada liko wapi nikakosa jibu. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nayasema ili wenzangu wa rika langu watakaosoma waelewe kwa nini jambo hili limenikasirisha kiasi hiki katika umri ambao watu wanatarajia nitulie. Jalada la kwanza nililowahi kulifungua, kabla sijajua kwamba kuna kazi inayoitwa masjala, lilikuwa na uongo ndani yake. Nimelibeba kichwani kama jalada safi kuliko yote.

Baba yangu alikuwa fundi wa viti na maturubai katika karakana ya idara moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa waliobaki hawahusiki. Alishona viti vya magari, akatengeneza mapaa ya turubai, akabandika zulia pale lilipobanduka. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yaliaminiwa. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, kaka yangu na mimi.

Mkuu wa idara ile, ambaye sisi watoto tulimjua kwa jina la Bwana Mkubwa tu, alinunua gari dogo la milango miwili kutoka kwa daktari Mzungu aliyekuwa akirejea kwao. Lilikuwa gari la mbio, jembamba, limelala chini kiasi kwamba mtu akitaka kushuka ilimbidi atangulize miguu yote miwili nje kisha ajisukume kama anayetoka shimoni. Boneti yake ilikuwa ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Wazee wa Njombe walilizunguka wakaulizana gunia la viazi linawekwa wapi, na walipoambiwa kwamba haliwekwi, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa mmoja. Njombe ni baridi, na Bwana Mkubwa alipenda kuwasha hewa ya moto ndani. Lakini kila alipoiwasha, ilikuja na mvuke wa mafuta ya injini. Mkewe alitapika mara mbili kabla hawajafika Makambako. Tena, wakipanda milima, maji yalichemka. Mafundi wa injini walikagua wakasema injini ni nzima. Ndipo gari lilipoletwa kwa baba, fundi wa viti, kama mgonjwa aliyeshindikana hospitalini anavyopelekwa popote.

Nilikuwepo alipofungua boneti, kwa kuwa nilimpelekea chakula kila mchana nikitoka shule. Aliinama muda mrefu. Kisha akagusa kitu kwa kidole, na kile kitu kikamomonyoka kikaanguka kama mkate uliosahaulika kabatini.

"Njoo uone," akaniambia. "Hii ilikuwa sponji. Hapa, hapa, na pembeni mwa rejeta pande zote mbili. Imekufa."

"Sponji ya nini, baba? Injini inakaa kwenye godoro?"

Alicheka, jambo ambalo halikutokea kila siku. "Upepo ni mvivu, mwanangu. Ukiuachia pengo pembeni ya rejeta, utapita pengoni. Hautahangaika kupenya kwenye vile vitundu upooze maji. Na mvuke wa injini nao ukiona mwanya, unaingia ndani kukaa na watu. Hizi sponji ziliwekwa za kuwakatalia wote wawili."

Sponji mpya ziliagizwa nje, na hazikufika. Alhamisi ya wiki ile Bwana Mkubwa alikuja karakana mwenyewe. Nilikuwa nakusanya vyombo. Alisema kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi atakwenda Makambako kumpokea mgeni kutoka makao makuu, na kwamba atamleta Njombe kwa gari lile.

"Sitaki mgeni wangu anuke oili. Umenielewa, fundi?"

"Nimeelewa, mzee. Ila sponji bado hazija—"

"Sikukuuliza sponji. Nafasi ya fundi mkuu iko wazi, na wewe unajua. Namtaka mtu asiyeniambia haiwezekani."

"Jumatatu saa mbili," baba akasema.

Kaka yangu alikuwa amefaulu kwenda sekondari, mimi nikifuata nyuma yake, na mshahara wa fundi wa viti usingetufikisha wote wawili. Hilo lilijulikana nyumbani bila kusemwa. Kwa hiyo nilielewa kwamba gari lile lilikuwa limebeba kitu chetu.

Ijumaa alijaribu sponji ya godoro. Alichora vipimo kwenye karatasi ya kaki, akakata vizuri, akabandika kwa gundi, akaliacha gari liungurume. Baada ya muda mfupi sponji ilikuwa imekunywa oili kama andazi linavyokunywa chai, na ikaanza kutoa moshi. Akaing'oa yote, akabaki amesimama na wembe mkononi.

Jumamosi nilipompelekea chakula alikuwa bado amesimama hivyo hivyo. Alinitazama miguuni muda mrefu. Nilidhani anatazama tope, nikaanza kufuta kidole gumba kwa nyasi.

"Ndala zako hizo tulikununulia lini?"

"Pasaka, baba."

"Bado nzima?"

"Nzima kabisa. Hata hazijalala kisiginoni."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali jingine.

Jioni ile mama aligundua kwamba ndala za baba na za kaka hazipo barazani. Baba alisema amempa mhitaji aliyepita njiani. Mama hakuridhika, lakini mimi nilijaa fahari. Wiki iliyotangulia mahubiri yalikuwa juu ya mwenye kanzu mbili kumpa asiye nayo, na nikaona kwamba katika usharika mzima ni baba yangu peke yake aliyesikia.

Sharti nieleze hapa utaratibu wa usharika wetu, maana bila huo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Sakafu ya kanisa ilikuwa imesakafiwa upya kwa saruji na kupakwa nta nyekundu, na akina mama walioisugua kwa magoti walilalamika juu ya tope. Wazee wa kanisa wakakubaliana kwamba wakati wa mvua mwenye viatu vya kufunga afute, na mwenye ndala azivue mlangoni. Jumapili za masika mlango wetu ulipangwa ndala kama matofali, nazo zilifanana zote. Kwa hiyo kila nyumba iliweka alama. Wengine walikata pembe kwa kisu. Wengine walifunga uzi kwenye kamba. Baba alipasha msumari kwenye makaa akachoma nukta kisiginoni, upande wa chini: za kwake nukta moja, za mama mbili, za kaka tatu, za kwangu nne. Nukta zangu zilipangwa kama pembe za kisanduku. Hakuna nyumba nyingine iliyohesabu watu wake hivyo.

Jumapili ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alikuwa na zamu ya mlangoni. Mimi niliketi mbele na wenzangu wa mafundisho ya kipaimara. Tulikuwa tumebakiza wiki tano. Rafiki yangu Lusia hakuwepo mwanzoni. Alichelewa, akaingia katikati ya mahubiri miguu mitupu, akapenya kwenye benchi letu akitweta. Alinigusa kiwiko akataka kuniambia jambo. Nikamwambia anyamaze, tunasikiliza neno.

Ibada ilipokwisha nilizitafuta ndala zangu, sikuziona. Nilisubiri watu wote wavae waondoke, mpaka mlango ukabaki mtupu na alama za maji. Nilirudi nyumbani nikikanyaga tope lile baridi ambalo watu wa Njombe wanalijua, linalokufanya usihisi vidole mpaka jikoni. Mama alinichapa kwa kifimbo cha mti wa mwati. Alisema mtoto ambaye baba yake ndiye mlinzi wa mlango hawezi kuibiwa mlangoni ila kwa uzembe wake mwenyewe. Baba alikuwa chumba hicho hicho, akifunga kamba za buti. Alikuwa anarudi karakana, siku ya Bwana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Fimbo ya tatu ilipotua alisema, "Inatosha, mama." Kisha akatoka.

Jumatatu mchana nilikuta karakana ina sherehe. Bwana Mkubwa alikuwa amerudi kutoka Makambako na mgeni wake, na alikuwa akimpigapiga baba begani.

"Mgeni kasinzia njia nzima! Na milima tumepanda, maji hata hayakuhema. Fundi, hii sponji umeitoa wapi?"

"Mbeya, mzee. Kuna mtu alinitafutia."

"Nilisema! Si nilisema? Huyu ndiye fundi mkuu."

Boneti ilikuwa wazi. Nilichungulia nikaona ukanda mweusi umezunguka pale palipokuwa na makombo, umekatwa kwa mshazari, umeungana pembeni bila hata nafasi ya kupenyeza ukucha. Juu ya ukanda ule kulikuwa na mstari wa chaki. Baba alikuwa amepaka chaki kwenye ukingo wa boneti akaifunga, ili chaki imwonyeshe kama sponji inagusa kila mahali. Iligusa kila mahali. Nakumbuka niliutazama mstari ule mweupe usiokatika nikaona kwamba ndivyo mtu mwaminifu anavyofanya kazi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, baba alisimama mbele ya usharika na karatasi. Mama alikuwa amemwandikia. Alisoma kwa sauti yake ile ile: "Zimepotea ndala za mtoto, rangi ya bluu, zina nukta nne kisiginoni. Aliyezichukua kwa kukosea azirudishe kwa upendo." Akakunja karatasi. Halafu akatangaza wimbo.

Na Jumapili hiyo hiyo Lusia alikuja na ndala mpya za bluu.

Lusia alikuwa mtoto wa mjane aliyeuza ulanzi, pombe ya mianzi, kando ya barabara. Wazee wa kanisa walimvumilia mama yake kwa namna ambayo hata mtoto aliiona. Walimsalimia wakiwa wanatembea. Yeye Lusia alikuwa na ulimi mwepesi, mcheshi, na kwenye mafundisho alizishika amri na maelezo yake kabla yangu, jambo ambalo sikumsamehe. Siku ile alikuwa amevua ndala zake mlangoni kwa uangalifu, akizipanga sambamba. Niliziinua. Kisiginoni palikuwa na doa moja kubwa la moto, limeyeyusha mpira ukawa kama kovu.

Akili yangu ilifanya kazi haraka, na niliifurahia ilivyofanya kazi. Nukta nne zilizochomwa tena kwa moto mkubwa zaidi zinakuwa nini? Zinakuwa doa moja.

Nilimshtaki, na baada ya ibada tukaitwa ofisi ya usharika. Walikuwepo mwinjilisti, wazee wawili na baba, pamoja na mama yangu na mama yake Lusia aliyesimama karibu na mlango. Mwinjilisti aliniuliza kwanza, nami nikaeleza kwa mpangilio: ndala zilipotea lini, zilikuwa rangi gani, doa lilitokeaje. Nilieleza vizuri sana. Sijawahi kutoa taarifa bora kuliko ile katika utumishi wangu wote.

"Wewe Lusia, unasemaje?"

"Za kwake zina nukta nne," Lusia akasema. "Za kwangu zina moja, mama ameichoma kwa kijinga cha moto. Hesabuni. Hesabuni basi!"

"Usiwaamrishe wakubwa," akasema mzee mmoja.

"Nimezinunua Makambako, mnadani," mama yake akasema. "Zilikuwa kubwa kidogo, nikasema akikua zitamtosha."

"Nani alikuona ukinunua?"

"Mwenye kuuza."

Wazee wakacheka kidogo. Lusia hakucheka. Alikuwa akimkodolea macho baba yangu, na akafungua mdomo: "Mimi nilimwona—" Mama yake alimpiga kofi la mdomo kabla hajamaliza, kofi la haraka, la mtu aliyeogopa. "Nyamaza. Nyamaza, Lusia."

Nilidhani amepigwa kwa sababu alitaka kusingizia mtoto mwingine.

Mwinjilisti akampa baba ndala moja. Baba aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya lile doa. Alikuwa fundi, alijua moto wa msumari na moto wa kijinga ulivyo tofauti. Akaiweka mezani taratibu.

"Mwanangu hasemi uongo," akasema.

Hakuna aliyehesabu. Lusia alisimamishwa mafundisho ya kipaimara hadi atakapotubu, na ndala nikapewa mimi. Nilizivaa siku hiyo hiyo kurudi nyumbani. Zilinipwaya. Nilipomwambia mama kwamba zinanipwaya, nilimpa na sababu: Lusia amezitanua. Nilizivaa mpaka zikakatika.

Yeye hakutubu. Muda si mrefu mama yake akafunga biashara wakahamia Makambako, na kwetu ikasemwa kwamba ndivyo wenye hatia wanavyofanya. Mimi nilipata kipaimara nikiwa na viatu vyeusi vya kufunga, vipya, alivyoninunulia baba bila mtu yeyote kumwomba. Nililia kwa upendo wake. Baba aliendelea kuwa fundi mkuu hadi alipostaafu, kaka yangu alisoma, nami nikasoma. Ile sentensi yake fupi ikawa mtaji wangu. Kila niliposhinikizwa ofisini kurudisha tarehe nyuma au kuchomoa ukurasa, nilijisemea kwamba mimi ni yule ambaye baba yake alisimama mbele ya wazee akasema hasemi uongo. Alipofariki, mimi ndiye niliyeandika na kusoma wasifu wake. Niliandika kwamba katika maisha yake hakuwahi kuchukua kitu cha mtu. Kanisa zima likaitikia.

Sasa narudi gerejini kwa Festo.

Gari lile lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya turubai katika banda moja Njombe, magurudumu yamezama ardhini, mpaka kijana mmoja wa Dar es Salaam anayependa magari ya zamani alipolinunua na kumpa Festo alifufue. Siku hizi sponji za gari kama hilo zinaagizwa kwa simu. Zilikuwa zimefika kwenye boksi, zimekatwa tayari, zina gundi yake mgongoni. Festo alikuwa anang'oa za zamani. Ndiyo maana kulikuwa na ile harufu.

"Shangazi, ukishapumzika njoo uone maajabu," alisema. "Hii nyeusi yote ni rangi ya viatu tu. Nimekwangua, chini ni bluu. Mtu aliziba gari la kifahari kwa ndala!"

Alikuwa amepanga vipande juu ya meza, vimekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyokaushwa. Alivishika kwa heshima ya fundi anayemkubali fundi mwingine.

"Na alijua, huyu mtu. Godoro lingekunywa oili, ndala hainywi. Angalia alivyokata mshazari ili boneti ikishuka iikalie. Ila hii ya mwisho hapa ndiyo sijaielewa. Ina matundu ya moto manne. Labda alama ya kiwanda?"

Nilikichukua kile kipande. Kilikuwa kirefu kama kiganja, kimetoka pale penye tundu la kuingizia hewa ndani, mahali fundi alipopungukiwa na mpira. Nilipitisha kidole gumba. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nafanya vile vile alivyofanya baba siku ile ofisini.

"Ni alama ya nyumba yetu," nikasema. "Fundi huyo ni babu yako."

Festo aliangua kicheko cha furaha. "Babu! Kumbe babu alikuwa mtundu hivi!"

"Usicheke, Festo."

"Lakini Shangazi, hii ni akili kubwa, huoni—"

"Nimesema usicheke."

Nimejaribu kumtetea. Nimempa kila utetezi ambao ningempa mtumishi aliyeletwa mbele ya kamati. Alitishwa na mkubwa wake. Alikuwa na watoto wa kusomesha. Labda alinuia kuninunulia nyingine kesho yake na mambo yakamtangulia. Yote hayo nayakubali kwa ile Jumapili ya kwanza. Hayafiki Jumapili ya pili, aliposoma tangazo juu ya kitu alichokikata kwa wembe wake mwenyewe; wala hayafiki ile ofisi, alipokuwa na ndala mkononi na sentensi moja tu ya kusema, akachagua nyingine iliyokuwa kweli na yenye kuua. Mimi sikusema uongo. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na alinitumia kama alivyoitumia ile ndala: nilikuwa na kipimo sahihi cha kuziba pengo lake.

Wala sijitoi mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua kuhesabu.

Nilikifunga kipande kwenye leso nikaenda sokoni. Sikuhitaji kuuliza. Kwa miaka mingi nimejua kwamba Lusia anauza viazi na maparachichi katika soko la Makambako, na kila nilipopita kumtembelea kaka yangu, na baadaye mwanawe, nilinunua viazi meza ya pili kutoka kwake. Nilihakikisha ananiona nikinunua hapo. Nililiona hilo kuwa msimamo.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejitanda khanga, akipanga viazi mafungu. Miguuni alikuwa na viatu vya mpira.

"Kamwene," nikamsalimia kikwetu.

"Kamwene." Akainua uso. "Eh! Binti wa mzee wa kanisa. Leo umekosea meza?"

"Sijakosea, Lusia."

Nilifungua leso nikaweka kipande kile juu ya viazi. Nilianza kueleza kwa mpangilio, gari, sponji, rangi ya viatu, kama nilivyoeleza siku ile. Alinikatiza.

"Najua. Alizikunja akaziweka ndani ya koti. Mimi nilikuwa natokea kwenye mvua, tukatazamana. Akanambia, 'Ingia haraka, umechelewa.' Nikaingia. Nilikugusa kiwiko nikuambie, ukanambia tunasikiliza neno."

"Kwa nini hukusema baadaye? Miaka yote hii?"

"Nimwambie nani?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinishinda. "Mama alinambia njiani: ukimtaja mzee wa kanisa, watatuvunjia kibanda. Tukatembea. Mimi miguu mitupu, wewe mbele yangu na ndala zangu, unajikokota kwa sababu zinakupwaya."

Mwanamke wa meza ya pili, yule niliyezoea kununua kwake, alikuwa ameacha kupanga viazi vyake na anasikiliza. Mteja mmoja alisimama na mfuko wazi.

"Lusia, nimekuja kukuomba—"

"Hapana. Usiniombe kitu." Alisukuma kile kipande kwa ncha ya kidole mpaka kikawa karibu yangu. "Hesabu."

"Nini?"

"Siku ile niliwaambia mhesabu. Hesabu sasa. Kwa sauti, hawa wasikie."

Nikaweka kidole kwenye tundu la kwanza. "Moja," nikasema. Sauti yangu, iliyosoma wasifu mbele ya kanisa zima bila kutetereka, ilitoka kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. "Mbili. Tatu."

"Endelea."

"Nne."

Lusia aliitikia kwa kichwa mara moja, akachukua fungu la viazi akalimimina kwenye mfuko wa yule aliyekuwa akisubiri.

"Haya," akasema. "Sasa sogea, unamzibia mteja."

Nikasogea.